Bi Mize wa Wesha: Radhi nilimpa, vidole sikumpa

SAA nne asubuhi. Maji ya bamvua yametoka, na upande wa kaskazini wa bandari ya Wesha umebaki mchanga, majani na vigingi vya mwani. Mvua ya masika ilianza tangu alfajiri, sasa imepumzika kidogo. Bi Mize Vuai amekaa ndani ya maji, yamemfika kiunoni, kamba ya shamba lake imempitia mapajani.

Anakamata tawi la mwani kwa mkono wa kushoto. Ncha moja ya kikamba anaibana kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Ncha ya pili anaikamata kwa meno, anavuta, fundo linakaa. Anakwenda tawi la pili.

Kidole gumba hicho hakina wenzake. Pale vilipokuwa vidole vinne pana kovu jeupe lililonyooka, kama mstari uliopigwa kwa rula.

"Chumvi ya bahari hii nnaijua ladha yake yote, ya bamvua na ya maji mafu," anasema akitema pembeni. "Daktari alinambia nipunguze chumvi kwa ajili ya presha. Nikamwambia si chumvi inayonipandisha, ujumbe huo ampelekee Mzee Himid."

Mzee Himid ni mnunuzi wa mwani mwenye ghala juu ya bandari. Bi Mize hamuuzii. Mwani wake anaupeleka kwa mnunuzi wa kijiji cha mbali, anayelipa shilingi mia tano na hamsini kwa kilo, wakati Mzee Himid analipa mia sita. Hasara ya shilingi hamsini kila kilo anaiita nauli ya heshima yake.

Ana miaka arubaini na minane. Alizaliwa Kiuyu, akasoma hadi darasa la tano, akaolewa Wesha, akaachwa Wesha, na Wesha akabaki. "Mume aliondoka, mie nisingeondoka na nyumba," anasema. Watoto wake watatu ameshawakuza. Wa mwisho, Kijakazi, yuko kidato cha pili, na ndiye anayemfunga mama yake vifungo vya nguo ya kutokea.

Mkono huo uliumia Jumamosi ya Mei 28, mwaka 2016, ndani ya ghala la Mzee Himid.

Bi Mize alikuwa kibarua wa msimu wa tatu. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine ya kushindilia mwani. Yeye anautia mwani mkavu kwenye sanduku la chuma na kuusukuma pembeni usimwagike, mwenzake anabonyeza kitufe, bamba zito linashuka, na mwani unatoka robota lililofungwa tayari kwa safari. Malipo yalikuwa shilingi elfu sita kwa siku.

Mashine ilikuja na kinga yake, kizimba cha wavu wa chuma kinachozuia mkono usiingie bamba likishuka. Lakini kinga ile lazima ifunguliwe na kufungwa kwa kila robota, na mwenye ghala aliona inakula wakati. Tangu Februari mwaka ule ilitolewa, ikawekwa nyuma ya ghala. Kuku wa jirani wakaona wamejengewa. Wakahamia.

Wiki ile kulikuwa na haraka. Meli ya mizigo ilitarajiwa Jumatatu, na marobota yalikuwa hayajafika nusu. Walianza kazi saa moja. Saa nane mchana bamba likashuka na mkono wa Bi Mize bado umo.

"Sikusikia maumivu kwanza," anakumbuka. "Nlisikia mwani ukilia, kama unavyolia ukiukanyaga mkavu. Kisha nikaona wenzangu wananitazama mie, hawaitazami mashine."

Alilala hospitali siku tano. Aliporudi nyumbani, wenzake wa ghalani walikuja kumpa pole na wakamletea habari: kinga ilikuwa imesharudishwa mahali pake. Ilirudishwa jioni ile ile ya ajali.

Haifai kusema kwamba Mzee Himid ni mtu mbaya. Wesha nzima watakwambia si mbaya, hasa wale ambao hawajapata kumfanyia kazi. Alilipia gari ya kwenda hospitali. Alileta gunia la mchele na beberu mmoja. Alisomesha dua, na chai ya dua ile ilikuwa nzito, ina maziwa.

Siku ya tisa baada ya ajali ilikuwa siku ya mwisho ya Shaaban. Siku hiyo Pemba hakuna anayekaa na kinyongo. Watu hupita nyumba kwa nyumba kutakana radhi kabla ya kuingia Ramadhani, jirani kwa jirani, mke kwa mume, hata walionuniana tangu Ramadhani iliyopita. Bi Mize alikuwa amelala mkekani sebuleni, mkono umefungwa, na wageni wanaingia na kutoka.

"Walipita watu arubaini na kitu," anasema. "Kila mmoja hunambia, nisamehe, Bi Mize, nilokukosea nnalolijua na nisilolijua. Nami husema nimekusamehe dunia na akhera, na weye nisamehe mie. Ulimi ulikuwa ukienda wenyewe, kama mtu anayeitikia salamu."

Katika hao arubaini na kitu alikuwemo Mzee Himid, na wazee wawili wa msikitini nyuma yake. Akataka radhi. Bi Mize akampa, dunia na akhera, kama alivyompa muuza maandazi. Mzee Himid naye akajibu: nami nimekusamehe. Wakaagana kwa dua.

Wageni wengine wote siku ile walikwenda nyumba ya pili. Mzee Himid alikwenda kuandikisha karatasi.

Baada ya Idd, Bi Mize alikwenda ghalani kuulizia fidia yake. Alipewa bahasha ya shilingi laki tatu, na alipouliza kilichobaki, alisomewa karatasi ile. Ilisema kwamba mbele ya mashahidi wawili, bila ya kulazimishwa, Mize Vuai amemsamehe Himid Soud kila dai litokanalo na ajali. Wale wazee wawili walikuwa wameweka saini. Walisikia kweli alichosema, na hawakuona neno.

"Nikamuuliza, Mzee, laki tatu hizi ni za kidole kipi? Maana vimekwenda vinne, nataka nijue kipi umenilipa na vipi vitatu nimekupa zawadi."

Bi Mize aliirudisha bahasha juu ya meza na kutoka.

Nyumbani hakupokelewa kwa vigelegele. Kaka yake, Bakar Vuai, alikuja kutoka Kiuyu kwa makusudi kumwambia anautia ukoo aibu. Mtu ameshasema nimesamehe, tena kesho yake ni Ramadhani, vipi arudi nyuma? Bakar alihofia dhambi, na alihofia pia maneno ya watu. Bi Mize anasema hajui ni lipi kati ya hayo mawili lililomtoa Kiuyu kwa miguu hadi kituo cha gari.

Usiku ule hakulala vizuri, si kwa maumivu. Aliogopa kwamba kaka yake anasema kweli. Asubuhi alimwendea mwalimu wa chuo anayemsomesha Kijakazi Kurani, akamuuliza kama mtu aliyesamehe anaweza kudai. Mwalimu alimjibu kwa swali: ulisamehe nini? Bi Mize akasema, nilimsamehe ubaya wake. Mwalimu akamwambia basi ubaya umekwisha, sasa kahesabuni haki.

Tangu siku hiyo hakuogopa tena. Alipeleka shauri lake kwenye ofisi ya kazi Chake Chake, na kwa miaka miwili alikwenda na kurudi mara kumi na moja. Mara nne shauri liliahirishwa kwa sababu upande wa ghala haukufika. Kila mara alibeba chakula chake, akala barazani kwa mkono wa kushoto, na kila aliyemkodolea macho alimwambia: "Mwenyezi Mungu anajua uko wapi wa kulia. Na Mzee Himid pia anajua."

Mzee Himid alileta wakili, kijana mtanashati kutoka mjini Unguja, mwenye tai nyekundu. Kijana yule alianza kwa kusema kwamba mlalamikaji hakuwa mfanyakazi. Hana mkataba, hana kitambulisho, alikuwa mtu wa kupita tu akisaidia wenzake.

Hapo Bi Mize alitoa bahasha kuukuu kutoka kwenye pindo la ukaya, mtandio wake. Ni bahasha ya malipo yake ya mwisho, aliyoletewa nyumbani siku tano baada ya ile siku ya radhi. Juu yake, kwa hati ya karani wa ghala, pameandikwa jina lake na siku alizofanya kazi, ishirini na tatu. Afisa aliyesikiliza shauri, Bi Khairiya Hamad, akaisoma na kumuuliza wakili kama ghala lake huwa linawalipa wapita njia.

Wakili akageukia kinga. Akasema haikupata kutolewa, na mwenye mkono ndiye aliyeipenya kwa uzembe. Bi Khairiya akaamuru mashine ikaguliwe. Mkaguzi alikwenda Wesha na tochi yake, akainama, akaandika. Ripoti yake inasema kwamba katika pembe za ndani za kinga, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki, palikutwa mavi makavu ya kuku, manyoya na ganda la yai.

Ghala la Mzee Himid halifugi kuku ndani ya mashine. Hilo hata wakili alikubali.

Likabaki lile la kusamehe, na hilo ndilo lililojaza watu barazani siku ya kikao cha Novemba mwaka jana. Walikuja hata kutoka Makoongwe, watu ambao hawana mwani wala ghala, walitaka tu kujua kama "nimesamehe" ya Shaaban ina bei.

Wakili aliisoma karatasi yote. Aliuliza: Je, ulisema maneno haya? Bi Mize akasema alisema. Je, ulilazimishwa? Hakulazimishwa. Ulikuwa na akili timamu? Alikuwa nayo, na bado anayo, hiyo haikuingia kwenye mashine.

Kisha Bi Mize akaomba naye aulize swali moja. Alimuuliza Mzee Himid mwenyewe.

"Mzee, siku ile nilipokusamehe, weye pia ulinisamehe?"

"Nilikusamehe," akajibu Mzee Himid. "Dunia na akhera."

Bi Mize akaomba ile bahasha ya malipo irudishwe mezani, na safari hii isomwe mstari wa chini. Bi Khairiya akasoma: *Amekatwa shilingi elfu kumi na tano, mkopo wa mchele.*

"Nilikuwa nimekopa mchele kwake kabla ya kuumia," Bi Mize anaeleza. "Akanisamehe siku ya Jumatatu, Jumamosi yake akanikata. Nami sikulalamika, maana lilikuwa deni. Nikamwambia, Mzee, kama kusamehe kunafuta madai, nirudishie elfu kumi na tano zangu. Kama hakufuti, nilipe mkono."

Mmoja wa wale wazee wawili waliotia saini, ambaye alikuwa ameitwa kutoa ushahidi, aliomba karatasi yake arudishiwe. Alimwambia afisa kwamba aliyoyasikia alikuwa ameyasikia, lakini kumbe hakujua anashuhudia nini.

Kilichobaki kilikuwa bei.

Wakili alikuwa na hesabu yake, imepigwa chapa. Kazi ya ghala ni ya msimu, siku kama sabini kwa mwaka, elfu sita kwa siku. Kwa miaka mitano, milioni mbili na laki moja. Siku nyingine zote, alisema, mlalamikaji ni mama wa nyumbani na hakuna alichopoteza.

Bi Mize alikuwa amelijua hilo linakuja. Mwezi mmoja kabla, shoga yake Mwanabaraka, ambaye kwa miaka ishirini wamesuka na kushona mikeka pamoja, alimwambia aache kumueleza mtu wa tai habari za kusuka, ampelekee. Kwa hivyo walikuja na marobota mawili ya ukili, zile kanda ndefu za miyaa, majani makavu ya kusukia, zinazoshonwa pamoja kuwa mkeka. Moja alilisuka kabla ya ajali. La pili alilisuka baada yake, kwa kidole gumba, mkono wa kushoto, meno na vidole vya mguu.

Waliyakunjua sakafuni, mbele ya meza ya afisa. La kwanza lilikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, upana ni ule ule mwanzo hadi mwisho. La pili lilikwenda kama mtu aliyetoka kulewa. Hapa pana, pale jembamba, mahali pengine miyaa imekatika na kuungwa.

Zamani Bi Mize alisuka pima mbili kwa siku moja, baada ya kupika. Sasa pima moja inamchukua siku tisa. Mkeka mmoja aliuuza shilingi elfu arubaini, na kwa mwaka aliuza kumi na mbili hadi kumi na tano. Tangu ajali hajauza hata mmoja.

Wakili akasema kusuka ni kazi ya kupitisha wakati.

"Mwanangu," akamwambia Bi Mize, "ifungue hiyo tai yako. Sasa kunja vidole vinne vya mkono wa kulia, uifunge tena. Sisi tunakungoja, tumekuja na chakula."

Wakili alikataa, na ilikuwa haki yake. Lakini watu wote waliuona mkono wake ukienda wenyewe kwenye tai, ukaikamata, kama anayehofia kuibiwa.

Uamuzi ulitoka Januari mwaka huu. Mize Vuai alikuwa mfanyakazi, radhi haikufuta haki yake, na alipwe shilingi milioni kumi na tatu na laki nane. Februari Mzee Himid alikata rufaa.

Bi Khairiya hakutaka kuzungumzia shauri lililo kwenye rufaa. Alisema tu kwamba kwa miaka sita aliyokaa ofisini hapo hajapata kuwaona kuku wakitoa ushahidi.

Mzee Himid yeye alizungumza, ghalani kwake, karibu na mashine. Kinga ilikuwepo, imepakwa rangi mpya ya kijani. "Mie sina ugomvi na Bi Mize," alisema. "Tunasali msikiti mmoja, yule ni dada yangu. Nnachotaka tumalize kikwetu."

Alipoulizwa kikwetu ni vipi, alisema ni kwa kusameheana.

Na kweli ametuma watu. Wiki iliyopita ujumbe ulimfikia Bi Mize kwamba akifuta shauri, atapewa milioni nne taslimu kabla ya Ramadhani kuandama. Bakar amepiga simu mara tatu kutoka Kiuyu kumsihi azichukue. Rufaa inaweza kwenda mwaka, inaweza kwenda mitatu. Paa la nyumba linavuja juu ya kitanda cha Kijakazi, na ada na sare havingoji hukumu.

Bi Mize hajifanyi kama hazihitaji. Jana usiku mvua ilipokuwa ikidondokea kwenye beseni, anasema, alikuwa akihesabu mabati. Kwa milioni nne angeezeka nyumba yote na jikoni. Akayaezeka yote kichwani, mpaka la mwisho, kisha akayateremsha.

"Pale ghalani wako wanawake kumi na tisa," anasema, akifunga tawi jingine. "Wote wanangoja kujua mkono ni bei gani. Nikiuza wangu rahisi, nimeshawauzia na yao. Na mie sikutumwa kuuza mikono ya watu."

Maji yameanza kurudi. Anakusanya vikamba vyake, anaosha uso, anapanda nyumbani na kikapu begani.

Ndani, sebuleni, pametandikwa mkeka mpya. Ni yale marobota mawili ya ukili. Mwanabaraka ameyashona pamoja bila ya kulinyoosha lile la pili, kwa sababu Bi Mize alimkataza. Nusu ya mkeka imelala sakafuni kama maji yaliyotulia. Nusu ya pili ina mabonde na vilima, na mtu akikalia lazima ajigeuze.

Shaaban imebaki siku tatu. Siku ya mwisho watu watapita kutakana radhi, na Mzee Himid naye ameshatuma salamu kwamba atakuja, yeye na wazee.

Bi Mize anasema atawakaribisha wote. Atampa Mzee Himid radhi akiitaka, tena safari hii kwa sauti, jirani wasikie. Milioni nne, akija nazo, atamrudishia aende nazo. Kisha atamwambia wakutane mahakamani, inshallah, mwakani au mwaka wa tatu, yeye hana safari.

"Kahawa atakunywa," anasema. "Tende atakula."

Anainama, anakung'uta mchanga kwenye mkeka, na kwa kidole gumba cha kulia anaonyesha ile nusu yenye mabonde.

"Atakaa hapa."